Mfunge mbwa mdomo, lakini mwachie pumzi

UKIINGIA katika maduka mengi ya dawa za mifugo hapa Kampala na kuulizia kifunga mdomo cha mbwa, utaonyeshwa kitu kimoja tu: mfuko mweusi wa nailoni ulio wazi pande zote mbili, mithili ya mkono wa shati uliokatwa, wenye mkanda wa kufungia nyuma ya masikio. Bei yake ni nafuu, unakunjika na kuingia mfukoni, na muuzaji atakuhakikishia kuwa ukimvisha mbwa wako hatauma mtu. Hilo ni kweli. Asilokwambia, na huenda naye hajawahi kuambiwa, ni kwamba mbwa huyo pia hataweza kuhema sawasawa.

Binadamu akipatwa na joto, jasho humtoka mwili mzima. Mbwa hana bahati hiyo. Tezi zake chache za jasho zipo chini ya nyayo na hazitoshi kumpoza. Yeye hupoa kwa kufungua kinywa, kutoa ulimi na kutweta upesi upesi, mara 200 kwa dakika na zaidi, ili hewa ipite juu ya ulimi ulioloa na kuondoka na joto. Joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 38 hadi 39 hivi. Likifika 41 yuko hatarini, na likizidi hapo anaweza kufa siku hiyo hiyo. Sasa mchukue mbwa aliyejaa hofu, anayevuta kamba na kuruka huku na huko saa saba mchana, kisha umbane mdomo hata ulimi usipate pa kutokea. Ni sawa na kuziba rejeta ya gari linalopanda mlima.

Sisemi kwamba mfuko huo ni wa kutupwa. Una kazi yake, nayo ni ya dakika mbili tatu mezani kwa daktari wa mifugo, wakati wa sindano au wa kusafisha kidonda. Kwa kazi hiyo hata kipande cha bendeji kinatosha: tanzi moja juu ya pua, ncha zivuke chini ya kidevu, fundo lifungwe nyuma ya masikio, na ifunguliwe mara tu shughuli inapokwisha. Mbwa anayetapika, anayehema kwa shida au mwenye pua bapa hata bendeji hiyo asifungwe. Lakini kwa matembezi, kwa safari ya gari, au kwa foleni ndefu ya chanjo, kinachofaa ni kile cha kikapu, kilichosukwa kwa waya, ngozi au plastiki ngumu, ambacho mbwa akikivaa anaweza kufungua kinywa chake chote ndani yake, akatweta, akanywa maji, akala na kipande cha nyama kinachopitishwa kwenye matundu. Hawezi tu kuuma.

Tatizo ni macho ya watu. Mbwa aliyevalishwa kitambaa huonekana mpole, amenyamaza, amependeza. Mbwa aliyevalishwa kikapu cha waya huonekana kama jambazi aliyetoroka gerezani, na watu huvuka barabara wamkwepe. Kwa hiyo wengi wetu hununua kile kinachomtesa mbwa kwa sababu kinampendeza jirani. Binafsi naona kuvuka barabara si hasara hata kidogo, na nitaeleza kwa nini.

Mwaka 2023, baada ya mazishi ya baba mdogo, nilirithi mbwa wake anayeitwa Simba. Ni chotara, nusu koko na nusu German Shepherd, mwenye kilo zipatazo 30 na sauti ya kilo 60. Marehemu alimpenda kwa namna yake, lakini alimfuga kama tunavyofuga wengi katika miji yetu: mchana ndani ya banda la mabati, usiku anafunguliwa kulinda ua. Imani iliyopo ni kwamba mbwa akizoea watu anapoteza ukali. Watoto wakipita kwenda shule walikuwa wakipiga mabati kwa fimbo wamsikie akibweka, naye kwa miaka minne akajifunza kuwa kila nyayo zinazosogea zinakuja kumchokoza.

Mbwa wa aina hii huitwa mkali. Mimi ningemwita mwepesi wa kuchokozeka, kwa kuwa ukimtazama vizuri utaona mkia umebanwa, masikio yamelala nyuma na mwili umejikunja kabla hajarukia mtu. Anashambulia ili kile anachokiogopa kiondoke. Na kwa kuwa kila akibweka mwendesha bodaboda huongeza mwendo na kupotea, mbwa huamini dawa yake imefanya kazi, na kesho huongeza dozi. Kwa Simba mambo yalikuwa matatu: bodaboda, miavuli, na watoto waliovaa sare.

Katika wiki yake ya tatu nyumbani kwangu alikata kamba na kurarua suruali ya kijana aliyeleta mkaa. Meno hayakugusa ngozi, namshukuru Mungu, lakini jioni hiyo hiyo mwenyekiti wa LC1 wa kijiji chetu alifika akiwa na wazee wawili. Alizungumza kwa upole, akakaa, akanywa chai. Kisha akasema: "Mzee, mbwa huyu achanjwe na avalishwe kitu mdomoni kabla ya mwisho wa mwezi. La sivyo, tutakuomba umwondoe duniani." Nilikuwa na siku 27.

Sikuweza kumlaumu. Kichaa cha mbwa si hadithi ya kutishia watoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao barani Asia na Afrika, na kwamba kati ya watu 10 wanaokufa, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa mgonjwa, daktari hana la kufanya zaidi ya kumpunguzia maumivu. Ndiyo maana mtu akiumwa anatakiwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo aanzishiwe chanjo, bila kungoja kuona kama mbwa atakufa.

Na hapa ndipo nilipogundua jambo ambalo sikuwahi kulisikia likisemwa katika kampeni za chanjo. Cheti cha chanjo cha Simba hakikuwepo, na daktari wa mifugo niliyempigia simu aliniambia wazi kuwa hatamgusa mbwa wa namna hiyo bila mdomo kufungwa. Ana mikono miwili tu. Wataalamu wanataka asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe ili ugonjwa ukatike, lakini wanaofika kwenye foleni, wakivutwa kwa kamba za katani na watoto wa shule, ni wale wapole. Mbwa anayeogopa watu, ambaye ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuuma, hubaki nyumbani mwaka hadi mwaka kwa sababu hakuna awezaye kumshika.

Uingereza walilijua hili la midomo zamani, kabla ya chanjo ya mbwa kupatikana. Kuanzia mwaka 1897, chini ya waziri wa kilimo Walter Long, serikali ililazimisha mbwa wa maeneo makubwa ya nchi kuvalishwa vifunga mdomo, na mbwa walioingizwa kutoka nje wakawekwa karantini. Wenye mbwa walimtukana waziri kwa miaka mingi. Kufikia mwaka 1902 kichaa cha mbwa kilikuwa kimetokomezwa nchini humo. Kilirudi mwaka 1918 baada ya Vita Kuu ya Kwanza na kikaondolewa tena mwaka 1922. Leo kazi hiyo hufanywa na chanjo, na kifunga mdomo hakichukui nafasi yake hata kidogo, kwani mate yenye virusi hupenya kwenye matundu ya kikapu na kufika kwenye mkono wenye mchubuko. Lakini kwa mbwa kama Simba, njia ya kuifikia sindano inapitia kwenye kikapu.

Niliazimia kutafuta kikapu. Duka moja lilikuwa nacho cha plastiki kutoka nje, cha saizi mbili tu, ndogo na kubwa. Ndogo ilimbana na kubwa ilimteleza hadi ukingo wake ukamgusa jicho. Hapo ndipo nilipochukua futi ya fundi cherehani na kumpima mwenyewe.

Vipimo vinavyohitajika si vingi, ila kimoja husahauliwa na karibu kila mtu. Cha kwanza ni urefu wa pua, kuanzia upana wa kidole kimoja chini ya macho hadi nchani. Kwa Simba ulikuwa sentimita 11. Cha pili ni mzunguko wa mdomo ukiwa umefungwa, mahali ulipo mnene zaidi, ambao ulikuwa sentimita 29. Kinachosahauliwa ni kimo cha mdomo ukiwa wazi. Mchezeshe mbwa uani mpaka aanze kutweta, ulimi nje, kisha pima kutoka juu ya pua hadi chini ya kidevu akiwa hivyo hivyo. Kwa Simba nilipata sentimita 12, wakati mdomo ukiwa umefungwa hazikufika tisa. Anayenunua kwa kipimo cha mdomo uliofungwa atapata kikapu kinachofanya kazi ile ile ya kitambaa, ila kwa bei kubwa zaidi.

Nilivibeba vipimo hivyo hadi Katwe, ambako asiyepata fundi wa jambo fulani hajatafuta. Fundi niliyempata hutengeneza majiko, vichanja vya kuku na mitego ya panya. Alinisikiliza, akacheka, akauliza: "Mzee, huyo ni mbwa au ni mfungwa?" Kisha akachukua kipande cha boksi akachora, na nilipoona anachora upande wa chini ukiwa mpana kuliko wa juu nilijua tumeelewana. Alitumia waya mwembamba uliopakwa zinki, akaacha sentimita moja mbele ya pua ili pua isigote, na kila ncha ya waya akaikunja nje na kuilainisha kwa tupa. Matundu ya mbele aliyafanya ya kupitisha kidole changu na kipande cha nyama, si ya kupitisha jino kuufikia mguu wa mtu.

Sehemu inayolalia mgongo wa pua ndiyo inayochubua. Hapo tuliweka kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, na fundi viatu wa jirani akakishonea ngozi laini juu yake. Yeye ndiye aliyeshona mikanda pia: mmoja wa nyuma ya shingo, na mwingine unaopita katikati ya macho kwenda kuungana na ule wa shingo. Usikubali kifunga mdomo kisicho na mkanda huu wa pili kwa mbwa anayepigania kukivua, maana ataweka ukucha mmoja, avute mara mbili, na kitakuwa chini kabla hujasema neno. Vyote pamoja vilinigharimu shilingi 55,000 na siku sita za kungoja.

Kwa hiyo zilibaki siku 21.

Mke wangu alishauri tumvalishe tu kwa nguvu siku ya chanjo, vijana wanne wamshike, jambo liishe. Ni ushauri ambao ningeupokea kwa ng'ombe. Kwa mbwa mwenye hofu, siku hiyo moja ya kushikwa na vijana wanne huwa ndiyo maana ya kikapu kwa maisha yake yote yaliyobaki. Kila akikiona atajificha au atauma, na mwaka unaofuata utahitaji vijana wanane.

Tulianza kwa kukifanya sahani. Siku nne za kwanza sikumvisha chochote. Niliweka kikapu mkononi kama kikombe, nikatia dagaa ndani, naye akaingiza pua mwenyewe kuwafuata. Akitoa pua, nakiondoa na chakula kinakwisha. Akiingiza, chakula kipo. Siri iko katika kutomsukumia mtu kitu usoni: kikapu kinakaa mahali pake na mbwa ndiye anayekuja. Siku ya pili alikuwa akikifuata kila nilipokwenda nacho, hadi chooni.

Wiki ya pili nilipaka siagi ya karanga kwenye waya za mbele, kwa ndani, ili alambe kwa muda mrefu huku pua imo. Karanga zetu za kusagwa hapa hapa hazina neno, lakini anayenunua ya kopo kutoka nje asome kwanza maandishi, kwani nyingine zina sukari bandia iitwayo xylitol ambayo ni sumu kwa mbwa. Akiwa analamba niligusisha mkanda shingoni na kuuachia. Kesho yake nikaushika sekunde mbili. Keshokutwa nikaufunga, nikahesabu hadi tano, nikaufungua kabla hajamaliza kulamba. Siku ya kumi na moja alianza kukikwangua kwa mguu. Sikumgombeza wala sikukivua papo hapo, nilimwita tutembee hatua chache, akasahau, nikamvua akiwa ametulia. Usiku huo tulirudi nyuma hatua mbili katika mazoezi, ingawa kalenda ukutani ilinitazama vibaya.

Wiki ya tatu alikivaa uani dakika kumi, kisha ishirini, akichezeshwa na kulishwa kupitia matundu. Nilimpelekea karai la maji ya kina cha kutosha nikamwona akinywa. Nilipomvua nilipapasa mgongo wa pua, pembe za mdomo na nyuma ya masikio kutafuta wekundu au manyoya yaliyolala vibaya. Kidole kimoja kilipita chini ya mkanda wa shingo, viwili havikupita. Nilikivuta kikapu mbele kwa mkono kama ambavyo angekivuta yeye, hakikutoka. Hizo ndizo hakikisho zangu hadi leo, na hazichukui dakika mbili.

Kitu kimoja nilikifanya kwa makusudi: kikapu kilivaliwa mara nyingi pale ambapo hakuna jambo lolote lililotokea. Mbwa si mjinga. Kama kila akivaa anakutana na daktari au bodaboda, atajua kikapu ndicho kinacholeta balaa.

Siku ya 26 tulifika kwa daktari saa moja asubuhi, kabla ya watu. Simba alitetemeka, akanguruma, na aliposikia sindano aligeuza kichwa na kugonga waya kwenye koti la daktari kwa kishindo. Ilikuwa imekwisha. Daktari alijaza kadi, akaishika ile kazi ya Katwe akaigeuza geuza, akaomba nimpe namba ya fundi.

Wapo wanaodhani kuwa baada ya hapo kazi imekwisha, wakampeleka mbwa aliyefungwa mdomo sokoni katikati ya watu "azoee". Huo ni ukatili uliovalishwa koti la mafunzo. Kikapu hakiondoi hofu. Kinaondoa meno tu. Mbwa wa kilo 30 mwenye waya usoni akikuruka bado anakuangusha na kukuchubua, na mbwa koko wakimzingira hana silaha ya kujitetea. Ndiyo maana nafurahi watu wakivuka barabara. Ninachofanya ni kusimama mbali na njia ya bodaboda, umbali ambao Simba anaziona lakini bado anakubali kula, na kila moja ikipita anapata kipande cha nyama. Ilituchukua miezi kusogea kutoka mita 40 hadi 15. Watoto nawaomba wasimguse, nao wanatii, kwa sababu kikapu kinawaeleza kabla yangu.

Sheria za nchi za wenzetu zinatofautiana. Mjini Vienna, Austria, mbwa haingii kwenye treni au basi la mji bila kamba na kifunga mdomo, na hakuna anayemtazama mara mbili. Uingereza na Wales, tangu tarehe 31 Desemba 2023, mbwa wa aina ya XL Bully ni lazima avalishwe kila anapokuwa mahali pa umma. Hata Torati ya Musa ina neno juu ya vinywa, ingawa ni vya ng'ombe: ilikataza kumfunga kinywa yule anayepura nafaka, ili mnyama aliye kazini asinyimwe kula. Naona kikapu cha waya kingepita mtihani huo na kitambaa kingeanguka.

Yapo matumizi nisiyoyakubali hata kwa mbwa aliyezoea. Kumvalisha usiku anapolinda ua, ambako atanasa kwenye mchongoma au kwenye senyenge na hakuna wa kumnasua. Kumfungia kitambaa anyamaze kwa sababu jirani analalamikia kelele. Mbwa anayebweka usiku kucha ana sababu, na mara nyingi sababu hiyo ni upweke wa banda. Kumfunga kama adhabu baada ya kosa. Na kumwacha peke yake nacho, hata kwa nusu saa, kwa kisingizio chochote kile.

Mwenyekiti alikuja tarehe 30, akaletewa kadi ya chanjo akaisoma mbele na nyuma. Aliomba kumwona mbwa. Nilimvalisha Simba kikapu, nikamtoa, na wote wawili wakatazamana kwa umbali wa mita kumi, Simba akibweka, mwenyekiti akiwa ameshika mwavuli wake kwapani. Nilimwomba aulaze chini. Aliulaza, na baada ya muda kelele zikapungua zikawa mguno. Alimaliza chai yake, akasema atawaeleza wazee, na kwamba kijana wa mkaa bado anadai suruali. Suruali nililipa siku hiyo hiyo.